Sasa Nimwibie Nani

Mguu wake ndio niliokutana nao kwanza. Siku tuliyohamia ile nyumba ya Mji wa Kale, mimi na mke wangu na binti yetu Neema, nilikuwa nimejitwika godoro, sioni mbele wala chini, mara nikasikia mtu akipiga ukelele kana kwamba nimemkanyaga. Sikuwa nimemkanyaga. Sikuwa nimemfikia hata. Alikuwa ameketi mlangoni pa duka lake la ushoni, mguu wa kulia ameulaza juu ya mto, kidole gumba kimevimba na kuwamba, chekundu kama nyanya tungule.

"Pita mbali, bwana! Pita mbali! Hata upepo wa godoro lako waniuma."

Nikadhani ni masihara ya watu wa mjini. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba alisema kweli tupu. Mtu aliyeshikwa na jongo, maradhi yale ya viungo, hawezi kustahimili shuka kumgusa kidole. Nzi akitua, mtu mzima hutoka machozi.

Ndivyo nilivyomjua Fundi. Mtaa mzima ulimwita hivyo, nami sitambadilishia jina sasa na hali hayupo. Alishona kanzu. Yeye na mkewe, Bi Rukiya, walikaa ghorofani. Sisi tulipanga vyumba vya chini, nyuma ya duka, tukatumia mlango mmoja miaka mingi. Mimi ni mtu wa Rabai, Mkristo, karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Yeye alikuwa mtu wa mji ule ule, na msikiti wake ulikuwa hatua chache tu kutoka dukani. Hayo hayakutuzuia kuwa ndugu. Leo pale alipokuwa akishona pauzwa vifuniko vya simu, nami nikipita hupita upande wa pili wa njia.

Nianze na kula kwake, maana ndiko kulikotufanya tumpende. Sijaona mtu aliyependa chakula kama yeye, na sisemi ulafi. Mlafi hutazama sinia. Fundi alitafuta mkono wa aliyepika. Akitia tonge la kwanza kinywani hufumba macho, akauliza, "Nani huyu?" Akitajiwa jina, hulirudia kwa dua: Mungu amweke, Mungu amzidishie. Asubuhi hakugusa kitambaa kabla ya kupitia sokoni Marikiti kunywa supu ya makongoro na ndimu. Ijumaa ilikuwa siku ya maini. Kamba wakiwa rahisi, alikuwa wa kwanza kupata habari. Na mke wangu akitia kitunguu mafutani, sauti iliingia dirishani kutoka dukani: "Mama Neema! Punguza moto, kitunguu chalia!"

Aliwashonea mabwana harusi, na ilikuwa ada kwamba aliyeshonewa humwalika Fundi. Kwa hiyo hapakuwa na pilau ya harusi iliyompita. Watu wakijipanga kwenye masinia, kila kikundi kilimvuta kwao, kwa kuwa alikuwa na hadithi baina ya tonge na tonge, na tena alikuwa na adabu ya kukusogezea wewe kipande kizuri.

Watu walipomwambia jongo ni ugonjwa wa matajiri, aliinua mikono juu. "Alhamdulillahi! Utajiri wangu umeanzia kidoleni. Ngojeni ufike mfukoni."

Lakini mzaha wake haukuwa na nguvu siku za maumivu. Nimemsikia akishuka ngazi kwa makalio, daraja moja baada ya jingine, ili asiukanyagie mguu. Nimemwona akienda msikitini na kiatu kimoja, mguu wa pili amevaa ndara aliyoikata mbele kwa mkasi wake ili kidole kipate nafasi. Mtu ambaye kanzu yake haikuwahi kuwa na kunyanzi, anachechemea na ndara iliyokatwa. Aibu hiyo ilimwuma pia.

Siku moja nilikuwa na ruhusa kazini, nikaongozana naye na Bi Rukiya hospitalini. Daktari alikuwa binti mwenye subira. Alimweleza kwamba kuna tindikali katika damu inayoganda kwenye viungo kama chembe za chupa, na kwamba vyakula vingine huizidisha. Akavitaja: nyama nyekundu, maini, figo, supu ya mifupa, kamba, kaa, dagaa, soda. Kila alichokitaja, Fundi aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesomewa majina ya jamaa zake waliozama.

"Na maji, baba. Kunywa maji mengi. Kidonge hiki kila siku, usiache hata ukijiona mzima. Na zile dawa za maumivu za kununua dukani, usijipe mwenyewe. Zina madhara."

"Daktari," akasema Fundi, "na harufu je? Harufu naruhusiwa?"

Daktari akacheka, nami nikacheka. Bi Rukiya hakucheka. Alikuwa akirudia yale majina kimoyomoyo, midomo ikimcheza, asije akasahau hata moja.

Bi Rukiya alikuwa mwanamke mfupi, msemaji mdogo, na siku ile alirudi nyumbani akaligeuza jiko lake lote. Mchicha wa nazi. Mabamia. Ndizi za kupika, mbichi na mbivu. Mayai. Maziwa. Kipande kimoja cha samaki changu, si viwili. Dafu saa ya alasiri. Jagi la maji aliliweka karibu na cherehani, na akishuka akakuta halijapungua, alisimama tu pale mpaka Fundi anywe. Mke wangu alikuwa akipanda kujifunza kwake, akirudi akisema hajaona mtu anayeweza kuufanya mchicha unukie vile bila ya nyama ndani yake.

Na mwenyewe aliacha nyama. Hakuwa na jongo wala ugonjwa wowote tuliojua. Fundi alimkataza, akamwambia anajitesa bure.

"Sili ninachokunyima, Baba Zuhura," alimjibu. Zuhura ni binti yao wa pekee, aliyeolewa ng'ambo ya Likoni.

Ungedhani mume aliyependwa hivyo angetii. Fundi aliiba. Aliiba kama mtoto mdogo, na kwa mbinu zile zile. Mji wa Kale ni mdogo, kila mchoma mishkaki anamjua mkewe, kwa hiyo alikuwa akienda mbali. Alisema anakwenda kutafuta uzi, na kumbe yuko Makupa, kando ya malori, amesimama mbele ya jiko la makaa na kanzu yake nyeupe. Jioni moja nilikuwa nafungua mlango wetu alipoingia. Bi Rukiya alikuwa anashuka ngazi na jagi tupu. Akamkaribia mumewe, akaushika ukosi wa kanzu, akaunusa taratibu.

"Uzi umeupata?"

"Nimekosa rangi."

"Kanzu yako yanukia Makupa," akasema, akapita kwenda bombani.

Fundi akanigeukia. Sikumwona akicheka. "Afadhali angenitukana," aliniambia.

Lakini si kila mara alikula kwa tamaa. Mara nyingine alikula kwa haya. Kuna harusi moja, mimi nilikuwepo, baba wa bwana harusi alimwona Fundi ameketi pembeni anakula wali mtupu na kachumbari. Yule mzee akaja kwa miguu yake mwenyewe na sahani ya nyama.

"Fundi, wanidharau? Mwanangu amevaa mkono wako, nawe hutaki kula mkono wangu?"

"Haki ya Mungu si dharau, ni mguu."

"Mguu! Nyama ya mbuzi wa kijana wangu itakudhuru?"

Watu walikuwa wakitazama. Fundi akanitazama mimi, kisha akaitazama ile sahani, akala. Alikula mpaka yule mzee akaridhika. Nchi hii ukimnyima mtu pesa atakusamehe, lakini ukikataa chakula chake umemkataa yeye na waliomzaa.

Kulipokucha kidole kilikuwa kimeamka. Na siku ile ilikuwa siku ya kumaliza kanzu za harusi nyingine, bwana harusi na ndugu zake wote. Cherehani ya Fundi ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Hakutaka ya umeme, alisema inakimbia kuliko fikira. Nilipotoka kwenda kazini nilisikia inalia, nikashangaa. Nikachungulia. Fundi alikuwa kwenye kiti chake, mguu umelazwa juu ya mto, mikono ikiongoza kitambaa chini ya sindano. Kando yake, kwenye kibao, alikaa Bi Rukiya, leso ameipandisha kidogo, ndiye anayekanyaga.

"Polepole, Rukiya. Polepole. Hapa kuna kona."

"Nambie mapema basi, si ukishafika."

Hawakuniona. Tangu hapo, kila kidole kilipoamka, walishona hivyo, yeye mikono na mkewe miguu, na wateja wakazoea. Mabwana harusi kadhaa wa mji huu wameoa na kanzu zilizoshonwa na watu wawili, wala hawajui.

Mtu huyu huyu aliyemwibia mkewe alikuwa mkali kwa miiko ya wengine. Mtoto wangu akinunua soda, humwita: "Neema, ndoo hapa. Wajua yale maji matamu yanakwenda wapi? Uliza kidole changu." Mimi nilipoanza kunenepa alinipa nasaha za mboga kwa ukali wa imamu. Na Idd ya kuchinja alikata nyama kwa mkono wake, akaigawa mafungu mazuri, fungu letu akalileta mwenyewe mpaka mlangoni, hata Neema alipomwambia sisi hatukuchinja wala hatuna Idd. "Mna meno," alimjibu. Kisha hupanda juu, kwenye mchicha wake.

Jambo ambalo hatukuliona, hakuna hata mmoja wetu, lilikuwa vidonge. Msimu wa harusi ukipamba moto, na Bi Rukiya akiwa na kazi zake, Fundi alinunua dawa za maumivu dukani, akazimeza na kukanyaga cherehani yake mwenyewe kama mzima. Hakutaka bwana harusi aambiwe kanzu haiko tayari. Jambo hilo kwake lilikuwa kubwa kuliko mguu. Tulimwona amesimama tukafurahi. Tukasema chakula cha Bi Rukiya kimefanya kazi. Sote tulikuwa tukilinda mdomo wake usipitishe nyama, na huku madhara yakipita mle mle mdomoni, pamoja na maji ya jagi aliloletewa na mkewe.

Bi Rukiya ndiye aliyetangulia. Aliamka salama, akaanika nguo, akasema kichwa kinamuuma, akalala, basi. Presha, walisema. Alasiri yake akazikwa.

Matanga ya mjini hupikwa. Njia nzima ilijaa masufuria, pilau ya mbuzi, harufu ile imeingia mpaka kwenye pazia. Wanaume tuliketi mikekani. Sinia likaletwa mbele ya Fundi, na nyama imerundikwa upande wake kwa heshima ya mfiwa. Nilikuwa kando yake. Nikawaza: leo hakuna wa kumkataza, acha ale, maskini, leo nani atamhesabia.

Akausukuma ule mlima wa nyama kwa nyuma ya mkono, ukaenda upande wetu. Akala wali.

Tangu siku ile hakugusa nyama tena. Makupa hakwenda. Marikiti alinunua mchicha na ndizi tu, na wauza supu walimwita kwa jina wakachoka. Alianza kupika mwenyewe. Tulimsikia juu akiangusha mifuniko, kisha sauti ikishuka ngazini: "Mama Neema! Tui zito latangulia au lafuatia?" Mke wangu humjibu kutoka chini, akimaliza hujifuta macho kwa upindo wa leso. Mchicha wake ulikuwa mbaya. Alinionjesha siku moja, umeungua na chumvi imezidi, naye akaumaliza wote, akapangusa sahani.

Nikamuuliza. Tulikuwa tumeketi dukani, yeye anatia vifungo. Nikamwambia, Fundi, Bi Rukiya alipokuwa hai alikupikia chakula kitamu cha afya, ukawa unatoroka. Leo hayupo, chakula ni kibaya, na ndipo uliposhika masharti. Kwa nini?

Alivuta uzi mpaka ukaisha.

"Baba Neema, mimi nilikuwa naiba kwa kuwa nilikuwa na mlinzi. Nikila mshikaki Makupa, najua kuna mtu nyumbani ataninusa ukosi. Sasa nimwibie nani?"

Akaingiza uzi mwingine kwenye sindano, akalikosa tundu, akajaribu tena.

Miguu yote miwili ikaanza kuvimba, na safari hii haikuwa kidole. Ilikuwa uvimbe laini, baridi, ukibonyeza panabaki shimo. Uso ukafura asubuhi. Zuhura alivuka kutoka Likoni, tukampeleka pamoja hospitalini. Walipompima damu wakasema mafigo yamechoka sana. Wakamuuliza habari za dawa za maumivu, naye akasema yote, bila kuficha, huku akimtazama bintiye kama anayeomba radhi. Zuhura alijiziba kinywa kwa buibui.

Kisha daktari, si yule binti wa zamani bali mwingine, akaanza kumweleza habari za chakula kipya. Mtu wa mafigo, alisema, hali chakula kile kile cha mtu mwenye jongo peke yake.

"Ndizi uache, mzee."

"Ndizi?"

"Mbichi na mbivu. Mchicha pia. Ukishindwa kabisa, uchemshwe, maji yamwagwe, ule kidogo. Dafu usiguse. Maziwa kidogo sana. Na maji ya kunywa tutakupimia kwa kikombe."

Fundi aliniuliza mimi badala ya kumwuliza daktari. "Asemaje? Hata maji?"

Kwenye tuktuk tulikuwa watatu, yeye katikati. Tulipita Marikiti, marundo ya mchicha yamepangwa mezani, yanarashiwa maji. Zuhura alikuwa akilia kimya kimya. Fundi alitazama nje mpaka tukakaribia nyumbani, ndipo akasema, wala si kwa yeyote kati yetu:

"Rukiya ataniuliza kosa lake liko wapi. Amenilisha miaka yote ile. Leo naambiwa chakula chake ni sumu."

"Si chakula chake, Baba," Zuhura akasema. "Ni vile vidonge."

"Najua ni vidonge. Lakini ninachonyang'anywa ni chakula chake."

Tulimbeba ngazini mimi na dereva. Wiki hiyo hiyo Zuhura alimchukua akakae naye. Cherehani iliuzwa kwa fundi mwingine wa Kibokoni, jagi lilibaki na sisi.

Nilikuwa nikimpigia simu. Sauti yake ilizidi kwenda mbali. Jumapili moja baada ya ibada nilipanda feri, nikavuka kwenda kumtazama.

Nyumba ya Zuhura iko ndani kidogo kutoka barabara kuu, ina ua na kamba za kuanikia nguo. Nilimkuta Fundi ameketi mkekani, ameegemezwa ukutani kwa mito, kanzu imemwia kubwa. Nilimwamkia, "Shikamoo, Fundi," akaitikia, akaniuliza habari za kila mtu mtaani, mmoja mmoja, na habari za kazini, na Neema anasoma darasa gani. Alichoka katikati ya majina akapumzika, akaendelea.

Zuhura akaingia na sinia. Pilau ya nyama, imepikwa kwa ajili yangu. Kumbe Fundi alimwamuru tangu alipojua nakuja. Yeye alikuwa ameshakula chake, kibakuli cha wali mweupe na ute wa yai. Nikasema nimeshiba, nimekunywa chai nyumbani.

"Umevuka maji kuja kwangu, nikurudishe na njaa? Kula, Baba Neema."

"Fundi, siwezi kula peke yangu na wewe unanitazama."

Akafikiri. Kisha akamwita bintiye alete birika na beseni.

"Baba!" Zuhura akashtuka.

"Nanawa tu, mwanangu. Kunawa hakujakatazwa."

Alinyoosha mkono juu ya beseni, maji yakapita kwenye vidole vyake. Akanawa kama anavyonawa mtu mwenye njaa, mpaka baina ya vidole. Nami nikanawa. Akasema bismillahi, akausogeza mkono wake wa kulia akauweka juu ya ukingo wa sinia, pale mkono wa mtu anayekula unapokaa. Ukakaa hapo.

Nikaanza kula.

"Chumvi?" akauliza.

"Iko sawa."

"Nyama imeiva?"

"Imeiva, Fundi. Yaachana na mfupa yenyewe."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaanza kunisimulia habari ya bwana harusi mmoja aliyenenepa baina ya kupimwa na kuoa, kisa nilichokuwa nimekisikia mara nyingi, nami nikacheka pale pale panapochekwa. Alipoona kipande kizuri kimejificha upande wake, akakisukuma kwa ncha ya kidole mpaka mbele yangu. Kidole kikabaki na mafuta. Alikitazama. Akakipangusa kwenye ukingo wa sinia, taratibu, mpaka kikakauka.

Nilikula mpaka nikaona chini ya sinia. Zuhura akarudi na birika. Fundi akawa wa kwanza kunyoosha mkono, maji yakamiminwa, akanawa vizuri, akajifuta kwa taulo.

"Alhamdulillahi," akasema. "Tumeshiba."